Mkenya Anayemaliza wa Elfu Ishirini

Jumatatu ya Aprili 16, 2018, jiji la Boston lilikuwa limelowa chepechepe. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, upepo uliwapiga wakimbiaji usoni, na baridi ilikuwa ya nyuzi chache tu juu ya sufuri. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa mtetezi wa Boston na bingwa wa dunia, alikuwa mbele peke yake. Zikiwa zimesalia kama kilomita mbili hivi, akapitwa na Mjapani aitwaye Yuki Kawauchi. Kawauchi alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 58, akanyakua taji. Kisha akarudi nyumbani kuendelea na kazi yake: alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoa wa Saitama, akifanya kazi ya ofisini katika shule moja, na mazoezi alijipangia mwenyewe nje ya saa za kazi.

Kwamba Mkenya alishindwa hilo si geni. Hata mabingwa huanguka. Kwa msomaji wa Kenya, kioja ni huyo mfanyakazi wa ofisini.

Hapa nchini mbio ndefu ni ajira. Zina makao yake Iten, Kaptagat, Kapsabet na Nyahururu. Zina kambi, mawakala, makocha, na hata matapeli wake. Anayeifanya kazi hiyo hutarajiwa kushinda. Asiyeifanya hutarajiwa kukaa mbele ya televisheni na kushangilia. Lakini katikati yao wamo watu ambao hakuna anayewahesabu: mwalimu, muuguzi, mhasibu wa kaunti, mwenye duka la vipuri Kondele, Kisumu. Mtu kama huyu huamka usiku wa manane ukiisha, akakimbia kilomita kumi, akaoga, akaenda kibaruani. Hana habari ya zawadi. Anachotaka ni kumaliza kilomita 42 na mita 195 akiwa wima, tena kabla matatu hazijarudishwa barabarani.

Kisumu inao watu wa namna hiyo, ingawa jiji lenyewe halina jina katika mbio ndefu. Sifa zake ziko kwingine: ushabiki wa Gor Mahia, ndondi, raga. Upande mmoja kuna miinuko ya Nandi, kwao Ibrahim Hussein wa Kapsabet, Mwafrika wa kwanza kushinda New York Marathon mwaka 1987 na Boston mwaka uliofuata. Upande wa pili ni milima ya Kisii, iliyomlea Naftali Temu, aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968, na Yobes Ondieki, mtu wa kwanza duniani kukimbia umbali huo chini ya dakika 27, mjini Oslo mwaka 1993. Kisumu imekaa bondeni katikati yao, mita 1,131 tu juu ya usawa wa bahari, ikiwatazama mabingwa wa pande zote mbili.

Anayetaka kuwaona wakimbiaji wa Kisumu na awahi. Jua la huku huchomoza karibu dakika 20 baada ya lile la Mombasa, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri kungali giza totoro, na ubaridi kidogo upo. Njia inayopendwa hutoka Milimani, ikapita hifadhi ya swala ya Impala, ikateremka hadi Dunga. Hapo mkimbiaji hupunguza mwendo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni viboko, ambao usiku hutoka majini kula nyasi na hawajui kwamba alfajiri ni zamu ya binadamu. Ya pili ni akina mama waliojaa ufuoni na mabeseni yao wakingoja mashua za omena. Kuwapita mbio bila salamu ni utovu wa adabu. Wanapomwona amerudi tena kwa mzunguko wa pili, jasho likimchuruzika hadi viwikoni, swali ni lile lile: anamkimbia nani? Watoto wa shule, wao hawaulizi. Humpigia kelele, "Kipchoge!" na kumfukuza hatua hamsini, kisha wanampita.

Kufika saa mbili asubuhi mambo yamebadilika. Unyevu wa ziwa humfunika mtu kama blanketi, jasho halikauki mwilini, na mapigo ya moyo hupanda hata kama kasi ni ile ile. Wanariadha wenye majina wanayajua hayo. Kwenye mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, marathon ya wanawake ilianza karibu saa sita usiku ili kukwepa jua, na bado joto lilizidi nyuzi 30 huku unyevu ukipita asilimia 70. Wanawake 68 walianza, 28 hawakumaliza. Ruth Chepng'etich wa Kenya alishinda kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43, muda ambao kwake ulikuwa kama matembezi. Miaka miwili baadaye marathon ya Olimpiki ya Tokyo ilikimbiwa Sapporo, mamia ya kilomita kaskazini, kwa hofu hiyo hiyo ya joto.

Mkimbiaji wa Kisumu hana Sapporo ya kukimbilia. Joto ndilo mwalimu wake. Ila humfundisha somo ambalo halitahiniwi kwingine, maana akipanda Nairobi, takriban mita 1,700 juu, hewa humwishia kabla ya kilomita ya tano, na akifika Ulaya meno humgongana kwa baridi.

Hata hivyo wanakwenda. Nairobi ndiyo shule ya msingi ya wengi. Mbio za huko zilianza mwaka 2003, na kila Oktoba huwakusanya watu kwa maelfu: wa kilomita 42, wa 21, wa 10, na familia nzima nzima katika zile fupi. Zile za hifadhi ya wanyamapori ya Lewa, zilizoanza mwaka 2000, ni kioja cha aina yake. Barabara ni ya vumbi, vilima haviishi, marathon nzima ni mizunguko miwili ya nusu marathon, na walinzi wakisaidiwa na helikopta huhakikisha simba na faru hawakutani na mtu aliyechoka. Fedha zinazopatikana huenda kwenye uhifadhi, shule na afya. Wengi waliozoea lami hufika Lewa na kiburi na kuondoka na malengelenge.

Kuvuka mpaka kwenda Moshi kwa Kilimanjaro Marathon ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ni safari ya basi kupitia Namanga, pasipoti ya Afrika Mashariki au hati ya muda ya kusafiria, na nia. Nusu ya kwanza ya njia huwadanganya watu kwa utambarare wake. Baadaye huanza mpando wa kuelekea Mweka, mlima ukiwa mbele yao, na hapo kila mmoja hujua alilala saa ngapi jana yake. Kampala nayo ina mbio zake za mwezi Novemba tangu 2004. Na Mwanza, ng'ambo ya ziwa hili hili, imekuwa na Rock City Marathon tangu 2009. Samaki ni wale wale, joto ni lile lile, na Mwanza imethubutu.

Katika mbio hizi za nyumbani, anayemaliza kwa saa 5 hujifunza mambo ambayo anayemaliza kwa saa 2 hatayajua kamwe. Kwenye baadhi yake maji huisha. Meza zipo, chupa tupu zimetapakaa chini, na kijana aliyeajiriwa kuyagawa ameshaketi kivulini akichezea simu. Koni za barabarani huondolewa, polisi hurudi kituoni, na mkimbiaji wa kilomita ya 36 hujikuta anagawana lami na tuk-tuk na boda boda. Akifika uwanjani jukwaa linafumuliwa na hotuba zimekwisha. Medali ataipata, akibahatika, ndani ya katoni chini ya meza. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Mbio zilipangwa kwa ajili ya washindi na wageni wa heshima, na yeye hakuwamo kwenye ratiba.

Inashangaza, kwa sababu mfano bora wa mkimbiaji wa mwisho ulitoka Afrika Mashariki. John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia uwanjani Mexico mwaka 1968 jioni, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watu 75 walianza marathon ile na 57 wakamaliza, yeye akiwa wa mwisho wao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana kwamba nchi yake haikumtuma umbali wote ule akaanze tu. Leo wanaomkumbuka Akhwari ni wengi kuliko wanaomkumbuka Wolde. Sisi tumeipenda hadithi hiyo, lakini hatukuijengea barabara.

Kenya nayo ilipata mfano wake mwaka 2014. Margaret Kenyatta, wakati huo mke wa rais, alianzisha kampeni ya Beyond Zero kupambana na vifo vya akina mama wajawazito na watoto, na badala ya kukata utepe akaamua kukimbia. Mwezi Machi alishiriki nusu marathon Nairobi. Tarehe 13 Aprili alikuwa London kwa kilomita 42 kamili, akazimaliza kwa takriban saa 7. Kampeni ikanunua magari ya kliniki za kuhamahama kwa ajili ya kaunti. Wapo waliocheka muda ule. Nchi iliyozoea saa 2 na dakika chache haikujua ifanye nini na saa 7. Lakini huenda hakuna Mkenya mwingine aliyewaleta wanawake wengi wa kawaida barabarani na viatu vya mazoezi kama yeye, na katika miaka iliyofuata mbio za Beyond Zero zilijaa watu ambao hawajawahi kumsikia wakala wa riadha.

London, kwa upande wake, imewazoea watu wa saa 7. Mbio zile zilipoanza mwaka 1981, Chris Brasher na mwenzake John Disley walitaka mbio za umma, na tangu hapo wakimbiaji wamechangisha zaidi ya pauni bilioni 1 kwa mashirika ya hisani. Mwaka 2025 waliomaliza walizidi 56,000. Kupata nafasi ndiyo kazi: walioomba kupitia bahati nasibu ya mwaka huo walipita 840,000. Anayekosa hujaribu mlango wa hisani, ambao humtaka achangishe maelfu ya pauni. Mhasibu wa Kisumu akipitisha bahasha ofisini kwa ajili hiyo ataambiwa, kwa upole, kwamba wiki hii kuna harambee ya matanga na nyingine ya karo.

Boston ina mlango wake mwingine, wa kasi. Kwa mbio za 2026, mwanamume wa miaka 18 hadi 34 alitakiwa awe amekimbia marathon kwa saa 2 na dakika 55 au pungufu, mwanamke wa umri huo saa 3 na dakika 25. Tena muda huo lazima upatikane kwenye njia iliyopimwa na kutambuliwa rasmi. Anayeishi ambako hakuna njia ya namna hiyo hulipa nauli kwanza ili akathibitishe kwamba anastahili kulipa nauli ya pili.

Halafu kuna viza. Ada ya Marekani ni dola 185, ya Ulaya ya Schengen ni yuro 90, na hazirudishwi mtu akinyimwa. Taarifa za benki, barua ya mwajiri, hati ya shamba, tarehe ya miadi inayokuja baada ya mbio kwisha: hayo ndiyo mazoezi ya vilima ya mkimbiaji wa ridhaa. Mwanariadha wa kulipwa ana wakala wa kumsukumia makaratasi. Mwalimu wa Kisumu ana saiba ya intaneti ya mtaani na uvumilivu.

Akifanikiwa, hukutana na mambo yasiyosimuliwa kwenye taarifa za michezo. New York huanzia Staten Island, kwenye mguu wa daraja la Verrazzano-Narrows, na watu hufikishwa pale saa kadhaa kabla ya zamu yao. Hukaa nyasini katika baridi ya Novemba wamejifunika jaketi kuukuu na suruali nzito, na mlio wa kuanza ukikaribia huzivua na kuziacha pale pale zikusanywe kwa hisani. Mtu aliyezoea soko la Kibuye hawezi kuyatazama marundo yale ya mitumba bila kupiga hesabu. Kisha daraja linapandwa, wilaya tano za jiji zinapitwa, na kwa saa nyingi pande zote mbili za barabara zimejaa watu wasiomjua wakisoma jina kifuani mwake na kuliita, wakikosea matamshi. Mkimbiaji wa saa 5 hupewa maji yale yale na medali ile ile aliyopewa wa saa 3.

Na wakijua ametoka Kenya? Hapo ndipo kichekesho kinapoanza. Watazamaji wa pembeni huiangalia saa ya mbio na kumwangalia yeye. Mkenya amewezaje kuwa wa elfu ishirini? Bora wazoee. Hata Eliud Kipchoge, aliyekimbia chini ya saa 2 mjini Vienna Oktoba 2019 akiwa na wadhibiti kasi 41, alimaliza wa 17 New York Novemba 2025, kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 36. Alipokwisha kuvuka, makumi ya maelfu walikuwa bado nyuma yake, wengine hawajafika hata nusu, na barabara ilikuwa bado yao.

Wanaosikia hadithi hizo hudhani New York ilizaliwa hivyo. Mwaka 1970, mbio za kwanza zilikuwa mizunguko ndani ya Central Park. Ada ilikuwa dola 1. Waliojitokeza walikuwa 127 na waliomaliza 55. Ilichukua miaka sita kabla ya kuthubutu kuingia wilaya zote tano.

Kisumu haijakosa watu 127. Mbio za barabarani zimefanyika hapa mara kadhaa, za amani, za afya, za mazingira, za mwanasiasa fulani kabla ya uchaguzi. Fulana huchapishwa, gavana au mwakilishi wake hupeperusha bendera, picha hupigwa, na mwaka unaofuata mfadhili hana habari. Mbio za sakafuni, na ukingo wake ni bajeti. Hakuna hata moja iliyojijengea umri na jina la Nairobi au Lewa.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba Kisumu si kwao wanariadha, na joto halivunji rekodi. Kwa kweli hiyo ndiyo sababu ya kuanza. Jiji lisilotafuta rekodi halihitaji kutumia bajeti yake kuwalipa mastaa waje wakimbie saa 2 na dakika 8, wapande ndege jioni. Linaweza kutumia senti zake kwenye maji, barafu, madaktari na polisi wa kutosha, yaani vitu anavyovihitaji mtu wa saa 5. Watalii wa mbio hufuata mapokezi. Ndiyo maana hupanda ndege hadi Lewa kukimbia kwenye vumbi.

Njia ipo. Uwanja wa Mamboleo, uliotumika kwa sherehe za Madaraka Dei mwaka 2021, unatosha kuwa mwanzo na mwisho. Barabara ya Ahero ni tambarare kupitia Nyamasaria hadi mashamba ya mpunga ya Kano. Katikati mwa jiji njia za waenda kwa miguu zilitengenezwa Kisumu ilipojiandaa kwa mkutano wa Africities wa Mei 2022. Upimaji nao hauhitaji mitambo ya ajabu. Njia za marathon zinazotambuliwa duniani hupimwa kwa baiskeli, iliyofungwa kifaa kidogo kwenye gurudumu la mbele kinachohesabu mizunguko, na kila kilomita huongezwa mita 1 ili njia isije ikapungua. Jiji lililobebwa mgongoni mwa baiskeli za boda boda miaka nenda miaka rudi litashindwaje na jambo la baiskeli?

Na wasikome Kisumu. Port Victoria kule Budalang'i, Usenge, Mbita, Kendu Bay: ufuo mzima una vijana wanaokimbia kwenda shule na wazee walioambiwa na daktari watembee kwa sababu ya shinikizo la damu. Mbio za kilomita 5 na 10 katika miji hiyo, mwaka mzima, zingewatayarisha watu kwa siku kubwa ya Kisumu kuliko tangazo lolote la redio. Wanawake hasa wangenufaika. Wengi hawathubutu kukimbia peke yao gizani, na jua likishatoka macho ya watu na maneno ya vijiweni huwafuata; wakiwa kundi, maneno hupungua.

Basi serikali ya kaunti, pamoja na Athletics Kenya, ichague Jumapili moja ya Julai, wakati hewa ya ziwa ina nafuu kidogo, na iiandike kwenye sheria ya bajeti ili isitegemee moyo wa mfadhili. Mlio wa kuanza upigwe saa kumi na moja alfajiri. Barabara ifungwe hadi saa saba mchana, zitimie saa 8 kamili. Zawadi ya mshindi ipunguzwe kama fedha hazitoshi, lakini meza za maji zisiondolewe, na watakaozisimamia walipwe baada ya mkimbiaji wa mwisho kupita, si kabla.